Grafu Inayojibu Maswali: Barafu ya Kilimanjaro Katika Ukurasa wa Tovuti

Mtu asimamaye mjini Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, huiona barafu ya Kibo iking'aa juu ya migomba na mibuni. Mandhari hiyo imesifiwa kwa miaka mingi. Lakini macho ya mtu mmoja hayawezi kulinganisha barafu aionayo leo na ile aliyoiona babu yake. Kwa kazi hiyo binadamu huhitaji vipimo. Na vipimo vikishapatikana, huhitaji mchoro wa kuvieleza.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili mchoro huo umekuwa grafu. Mwaka 1786 William Playfair, mzaliwa wa Uskoti, alichapisha kitabu ambamo biashara ya Uingereza ilionyeshwa kwa mistari na mihimili badala ya majedwali marefu ya tarakimu. Tangu hapo grafu imekuwa lugha ya pamoja ya wanasayansi, wachumi na wanafunzi. Lakini grafu ya kitabuni ni kama mgeni asiyejibu salamu: husema lile aliloambiwa na mchoraji, kisha hunyamaza. Grafu ya kwenye tovuti yaweza kuulizwa swali nayo ikajibu. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwa nini grafu ya namna hii inadai uangalifu mkubwa zaidi kwa yule anayeitengeneza.

Takwimu tano

Mwaka 2002 Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao juu ya barafu ya Kilimanjaro. Walilinganisha ramani za zamani na picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 2000. Eneo la barafu, kwa kilometa za mraba, lilikuwa takriban kama ifuatavyo:

Mwaka 1912: 12.1
Mwaka 1953: 6.7
Mwaka 1976: 4.2
Mwaka 1989: 3.3
Mwaka 2000: 2.6

Jedwali hili ni fupi, na kila mtu aweza kuona kwamba eneo limepungua. Lakini je, limepungua kwa mwendo ule ule? Je, kasi imeongezeka au imelegea? Maswali hayo hayajibiwi upesi kwa kuzitazama tarakimu tu. Hapo ndipo grafu inapoingia kazini.

Kutoka jedwali hadi skrini

Ukurasa wa tovuti hauhifadhi grafu kama picha iliyokwisha kuchorwa. Huhifadhi vitu viwili: takwimu zenyewe, na maelekezo ya kuzichora. Takwimu za barafu hazifiki hata herufi mia moja, ilhali picha ya kawaida ya grafu huchukua nafasi maelfu ya mara zaidi. Maelekezo huandikwa kwa lugha ya programu iitwayo JavaScript, iliyoanza kutumika mwaka 1995. Na mchoro wenyewe mara nyingi huelezwa kwa SVG, lugha ya michoro iliyopitishwa mwaka 2001 na W3C, chombo kinachosimamia kanuni za wavuti. Kazi ya kuchora hufanywa na kivinjari kilichomo ndani ya kompyuta au simu ya msomaji.

Hatua iliyo muhimu kuliko zote ni ile ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amekwisha kuifanya kwa rula na karatasi ya miraba, yaani kuchagua skeli. Skrini imegawanyika katika nukta ndogo sana. Tuseme grafu ya barafu imepewa upana wa nukta 440. Tangu mwaka 1912 hadi mwaka 2000 ni miaka 88. Kwa hiyo kila mwaka unapata nukta 5. Mwaka 1953 uko miaka 41 baada ya mwanzo, basi mahali pake ni nukta ya 205. Mwaka 1976 unaangukia nukta ya 320, mwaka 1989 nukta ya 385, na mwaka 2000 nukta ya 440, ukingoni kabisa.

Kwa upande wa kimo, tuseme mhimili wa wima unaanzia 0 na kuishia kilometa za mraba 13, nao una nukta 260. Kila kilometa ya mraba inapata nukta 20. Eneo la 12.1 linakuwa na kimo cha nukta 242, na eneo la 2.6 kimo cha nukta 52. Hapa pana jambo linalowachanganya wanaoanza: skrini huhesabu nukta zake kuanzia juu kwenda chini, si kutoka chini kwenda juu kama ilivyo katika karatasi ya hesabu. Kwa sababu hiyo programu hutoa kimo katika 260: nukta ya mwaka 1912 huwekwa kwenye mstari wa 18 kutoka juu, na ile ya mwaka 2000 kwenye mstari wa 208. Mwanafunzi akisahau kutoa, barafu ya Kilimanjaro itaonekana inaongezeka mwaka hadi mwaka!

Grafu inapoguswa

Baada ya kuchora, programu hukaa ikisubiri. Msomaji anaposogeza kishale cha kipanya au kugusa skrini kwa kidole, kivinjari huiarifu programu mahali palipoguswa. Programu nayo huifanya ile hesabu ya skeli kinyumenyume. Ikiwa kidole kimegusa nukta ya 300, programu hugawanya 300 kwa 5 ikapata 60, kisha hujumlisha 60 na 1912: msomaji anaulizia mwaka 1972. Yote haya hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa programu ijibu nini? Mwaka 1972 haumo katika jedwali. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta kipimo kilicho karibu zaidi, ambacho ni cha mwaka 1976, na kuonyesha maneno «1976: kilometa za mraba 4.2». Njia ya pili ni kufuata mstari ulionyooka unaounganisha nukta ya mwaka 1953 na ile ya mwaka 1976. Kati ya miaka hiyo eneo lilipungua kwa 2.5 katika miaka 23. Kwa miaka 19 ya kwanza upungufu unakuwa takriban 2.07, basi jibu ni 4.63.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini katika takwimu hizi hakuna kipimo chochote cha mwaka 1972. Tarakimu 4.63 imezaliwa na mstari, haikuzaliwa na mlima. Ikionyeshwa kwenye skrini kwa umbo lile lile na rangi ile ile kama vipimo vya kweli, msomaji hatakuwa na njia ya kuzitenganisha. Mtengenezaji mwaminifu huandika wazi neno «kadirio», au huacha grafu ijibu kwa vipimo vilivyopo tu. Grafu ya kitabuni haina hatari hii kwa kiasi hicho, kwa kuwa haitamki tarakimu isiyoandikwa. Grafu inayojibu yaweza kutamka uongo kwa sauti ya uhakika.

Mahali uongo unapojificha

Kosa la kwanza linalotokea mara nyingi ni la mhimili wa ulalo. Programu nyingi za kuchora grafu, zisipoelekezwa vinginevyo, huichukua miaka kama majina tu na kuipanga kwa nafasi zilizo sawa. Katika mpangilio huo hatua ya kwanza inaonyesha upungufu wa 5.4 na hatua ya mwisho upungufu wa 0.7 tu. Mstari unateremka ghafla kisha unalala karibu bapa, na msomaji anaondoka akiamini kwamba kuyeyuka kumekaribia kukoma.

Lakini hatua ya kwanza ilichukua miaka 41, na ya mwisho miaka 11. Ukigawanya upungufu kwa miaka, mwendo wa kwanza ni takriban 0.13 kwa mwaka na wa mwisho takriban 0.06. Kasi imepungua kwa nusu hivi, wala si kwa karibu mara nane kama mchoro ule unavyodai. Takwimu ni zile zile. Kilichobadilika ni nafasi baina ya miaka.

Kosa la pili ni la mhimili wa wima. Tuseme mchoraji, kwa kutaka kuokoa nafasi, anauanzisha mhimili kwenye 2 badala ya 0. Barafu ya mwaka 1912 itaonekana kuwa na kimo cha zaidi ya mara kumi na sita ya ile ya mwaka 2000, ilhali uwiano wa kweli haufiki mara tano. Nukta ya mwisho itakaribia kugusa sakafu ya grafu, kana kwamba mlima umebaki mtupu.

Kosa la tatu ni kuchanganya vyanzo. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria barafu ya mwaka 1912 kuwa kilometa za mraba 11.40 na ile ya mwaka 2011 kuwa 1.76, yaani upungufu wa asilimia 85. Takwimu hizi zinathibitisha mwelekeo ule ule, lakini mwaka 1912 una thamani mbili katika chunguzi mbili. Asiyeangalia akiibandika 1.76 mwishoni mwa jedwali la kwanza, atakuwa ameunganisha kwa mstari mmoja vitu vilivyopimwa kwa njia mbalimbali. Inafaa kila chanzo kipewe mstari wake na rangi yake, na jina la chanzo lionekane msomaji anapougusa mstari huo.

Mstari unaokwenda mbele

Lipo somo jingine, nalo ni zito zaidi. Katika makala yao ya mwaka 2002 wanasayansi walisema kwamba, hali ikiendelea kama ilivyokuwa, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na mwaka 2020. Utabiri huo ulitokana na kuurefusha mstari ulionyooka hadi ulipogusa sifuri. Habari ilienea duniani kote. Miaka ikapita, mwaka 2020 ukaisha, na barafu ilikuwa bado ipo kileleni, ingawa ni kidogo sana kuliko zamani.

Je, vipimo vilikuwa vya uongo? La. Kila kipimo kilichofuata kilionyesha barafu ikipungua. Kilichokosea ni tarehe, na tarehe haikupimwa bali ilitokana na sharti la «hali ikiendelea». Watu wengi waliposimulia habari ile waliitaja tarehe na kuliacha sharti. Kisha tarehe ilipopita, wapo waliopata kisingizio cha kuvibeza vipimo vyenyewe. Ndivyo mstari mmoja usiofafanuliwa unavyoweza kuharibu imani ya watu katika kazi ya miaka mingi.

Hapa grafu ya tovuti yaweza kuwa mwalimu bora. Badala ya kumpa msomaji mstari mmoja wa wakati ujao, humpa kitelezi cha kusogeza. Akichagua mwendo wa wastani wa miaka yote 88, ambao ni takriban 0.11 kwa mwaka, mstari unagusa sifuri karibu na mwaka 2024. Akichagua mwendo wa miaka 11 ya mwisho peke yake, unagusa sifuri karibu na mwaka 2041. Msomaji anajionea mwenyewe kwamba jibu linategemea kipande cha historia alichokichagua. Mstari wa vipimo huchorwa mzima, na mstari wa makadirio huchorwa kwa vituo, ili jicho lisivichanganye.

Grafu hata hivyo haisemi kwa nini barafu inapungua. Juu ya hilo wanasayansi huchunguza joto, ukavu wa hewa, mawingu na kiasi cha theluji inayoanguka. Mwinamo wa mstari huonyesha kiasi cha badiliko; sababu yake hutafutwa kwa njia nyingine.

Kazi ya darasani

Shule isiyo na kompyuta nyingi haina haja ya kusubiri. Grafu yote iliyoelezwa hapa yaweza kuchorwa kwenye karatasi ya miraba, na uzi uliofungwa kwenye pini ukawa mstari wa makadirio unaosogezwa kwa mkono. Shule yenye kompyuta itapata maktaba za programu zinazotolewa bure, mojawapo ikiwa D3, iliyotolewa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa vyovyote vile jedwali lenyewe liwekwe chini ya grafu, ili asiyeona au mwenye simu ndogo asinyimwe takwimu.

Maswali yafuatayo yanafaa kwa mjadala:

1. Chora takwimu tano za barafu mara mbili: kwanza kwa nafasi zilizo sawa baina ya miaka, kisha kwa skeli ya kweli. Eleza tofauti unayoiona.

2. Kwa skeli ya nukta 5 kwa mwaka, msomaji amegusa nukta ya 350. Ni mwaka gani? Programu yapasa kumjibu nini?

3. Kwa nini si halali kuunganisha vipimo vya chunguzi mbili kwa mstari mmoja bila maelezo?

4. Pimeni mvua shuleni kwa muhula mmoja. Kabla ya kuchora grafu, amueni siku ambazo hakuna aliyepima zitaonyeshwaje: kwa sifuri, au kwa pengo?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Sifuri husema mvua haikunyesha. Pengo husema hakuna aliyepima. Mwanafunzi atakayeilinda tofauti hiyo katika daftari lake la mvua ataweza kuaminiwa kesho na grafu itakayosomwa na taifa zima.