Chakula na inflamesheni

Inflamesheni ni itikio la kinga ya mwili dhidi ya jeraha, vijidudu au kitu kingine kinachodhuru tishu. Katika Kiswahili cha kila siku mara nyingi huitwa uvimbe, lakini neno hilo hutumika pia kwa donge la saratani, jambo ambalo ni tofauti. Makala hii inaeleza namna chakula kinavyoweza kuichochea au kuituliza.

Aina mbili

Inflamesheni ya muda mfupi inajulikana tangu kale. Celsus, mwandishi Mroma wa karne ya 1, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Aliyewahi kuchomwa na mwiba mguuni anazifahamu zote. Kwa kawaida hupoa baada ya siku chache, na bila yake kidonda kisingepona.

Inflamesheni sugu ya kiwango cha chini haina wekundu wala maumivu, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua. Hugunduliwa kwa kupima damu, hasa protini iitwayo CRP inayotengenezwa na ini. Imehusishwa na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ni kisababishi au ni dalili tu. Utafiti wa CANTOS, uliotangazwa mwaka 2017, ulisaidia kujibu swali hilo. Wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shtuko la moyo walipewa ama dawa ya kanakinumabu, inayozuia kemikali mojawapo ya inflamesheni, ama dawa bandia. Kwa waliopata dawa hiyo kwa kipimo cha kati, shtuko la moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa takriban asilimia 15, ingawa kolesteroli yao haikushuka. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo. Mwili unaihitaji inflamesheni. Tatizo ni pale isipozimika.

Chakula kinavyohusika

Njia iliyo wazi zaidi ni unene. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo si ghala tu la nishati, bali hutoa kemikali zinazochochea seli za kinga. Ndiyo maana mtu mnene akipungua uzito, CRP yake kwa kawaida hushuka pia.

Njia ya pili hupitia utumbo mpana. Nyuzinyuzi za mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa hazimeng'enywi na binadamu. Bakteria wa utumbo huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, kama butireti. Hiyo hulisha seli za ukuta wa utumbo na kusaidia kutuliza kinga. Katika majaribio ya panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria walianza kula ute unaoulinda ukuta huo. Kwa mlaji wa ugali, hapa ndipo dona inapoachana na sembe: mahindi yanapokobolewa, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye pumba.

Aina ya mafuta nayo ina uzito wake. Omega-3 za samaki hutumiwa na mwili kutengeneza kemikali zinazosaidia kumaliza inflamesheni, wakati mafuta ya transi yanayotengenezwa viwandani huizidisha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mafuta hayo yaondolewe katika vyakula vya viwandani.

Utafiti wa Kilimanjaro

Mengi yanayosemwa juu ya chakula na inflamesheni yametoka Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo utafiti uliochapishwa mwaka 2025 na wanasayansi wa Tanzania na Uholanzi una thamani ya pekee. Ulihusu wanaume 77 wenye afya katika mkoa wa Kilimanjaro. Baadhi ya wanavijiji waliacha chakula chao cha asili, chenye mboga, matunda, maharage, nafaka nzima na vyakula vilivyochachushwa, wakala kwa wiki mbili chakula cha kimagharibi kilichosindikwa. Baadhi ya watu wa mjini walifanya kinyume chake. Kundi jingine la mjini lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja.

Kwa waliohamia chakula cha kimagharibi, protini za inflamesheni katika damu ziliongezeka, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, pamoja na wanywaji wa mbege, walionyesha dalili za inflamesheni kupungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Matokeo hayo hayafanyi mbege kuwa dawa. Kileo kina madhara yake. Utafiti ulikuwa mdogo, haukuwa na wanawake, na ulipima damu, si magonjwa. Zaidi ya hayo, vyakula vingi vilibadilishwa kwa mpigo, hivyo ni vigumu kusema kipi hasa kilileta tofauti.

Tahadhari hiyo inafaa pia kwa viungo vinavyosifiwa mitandaoni. Kurkumini ya manjano, kwa mfano, hupunguza inflamesheni katika seli za maabara, lakini mwili huifyonza kidogo sana, na kijiko kimoja katika mchuzi hakilingani na vipimo vya watafiti. Mgonjwa wa baridi yabisi asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.