Utando wa Paa Bapa: Jua, Mafuta na Mkono wa Fundi

Paa bapa la hoteli au jengo la maduka kwa kawaida ni zege lililofunikwa utando wa kuzuia maji. Zege halitoshi peke yake. Hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, likapata nyufa nyembamba ambazo mvua za masika hazikosi kuzigundua. Utando unaofaa hutegemea mambo yatakayofanyika juu ya paa hilo, na bei ya mita ya mraba huja baadaye.

Uliozoeleka zaidi ni wa lami iliyoongezwa polima, unaouzwa kwa roli za upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, unene milimita 3 au 4. Zipo aina mbili. Ile ya APP, yaani lami na plastiki, hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 150, hivyo huhimili jua la pwani. Ile ya SBS, yenye mpira, hunyumbulika vizuri penye baridi kali, sifa ambayo Dar es Salaam au Mombasa haina kazi nayo kubwa.

Fundi hupaka kwanza praima juu ya zege kavu, kisha hukunjua roli taratibu huku akiichoma kwa chini kwa moto wa gesi mpaka lami ing'ae na kuanza kuyeyuka. Vipande hulaliana sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni. Kiungo kilichoshika hutoa uzi mwembamba wa lami ukingoni. Usipoonekana, kiungo hukaguliwa kwa ncha ya mwiko: ikipenya, maji nayo yatapenya. Zege likiwa bado na unyevu, mvuke hunaswa chini na kuinua malengelenge, na hapo hata roli ghali haisaidii.

Zipo pia tando zisizo za lami. EPDM ni mpira mweusi unaodumu juani miaka mingi, ila huvimba ukiguswa na mafuta. Juu ya jiko la hoteli, ambako bomba la moshi hutema mvuke wa kukaangia, PVC, utando wa plastiki, ndiyo yenye nafuu. PVC nayo haipatani na lami: ikilazwa moja kwa moja juu ya utando wa zamani wa lami huanza kukauka na kukakamaa, kwa hiyo huwekewa kitambaa cha kutenganisha. TPO, plastiki nyingine, ni nyeupe, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua na kupunguza mzigo wa viyoyozi, ingawa vumbi huufifisha weupe huo. PVC na TPO huunganishwa kwa mashine ya hewa ya moto, hivyo mwenye jengo aulize mapema kama fundi anayo na amezoea kuitumia.

Paa lenye matangi, paneli za sola na mafundi wanaopandapanda huhitaji utando mnene au vigae vya kukanyagia. Mteremko usipungue 1 kwa 80 kuelekea kwenye matundu ya maji, na utando upande ukutani angalau sentimita 15. Uvujaji mwingi huanzia hapo na kwenye mabomba yanayotoboa paa. Kabla ya vigae kuwekwa, matundu huzibwa na paa hujazwa maji kwa saa 24 hadi 48, dari ya chini ikikaguliwa muda wote huo.