Mtoto kwa Kinyozi: Maelezo juu ya -ka- ya Masimulizi

Neno kinyozi lina sarufi ya kale ndani yake. Katika kitenzi nyoa, sauti l ya asili imepotea; lakini hujitokeza katika nyolewa, na mbele ya i ya mtendaji hugeuka kuwa z. Ndivyo ilivyo pia kwa lea, lelewa na mlezi. Kiambishi ki- hapa hakionyeshi udogo, bali humtaja mtu kwa kazi yake, kama katika kiongozi. Lakini makusudi ya makala haya si asili ya neno, ila ni kueleza jambo la lugha ambalo mtoto huweza kulipata mbele ya kinyozi msimulizi.

Iringo ni kata ya mji wa Musoma, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Katika nchi iliyo jirani husemwa Kijita, Kikwaya, Kizanaki na Kikuria, ambazo ni lugha za Kibantu, na pia Kijaluo, ambacho si cha Kibantu. Kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa huko lugha ya nje ya nyumba. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 akakulia katika Kizanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Baadaye tafsiri zake za tamthilia mbili za Shakespeare zilichapwa miaka ya 1960. Hata leo, ambapo watoto wengi wa mjini huanza na Kiswahili, yafaa kuuliza ni mahali gani nje ya darasa panapofundisha usimulizi wake.

Achukuliwe kwa mfano mtoto wa Iringo anayeambiwa na mama yake, "Nenda kwa babu ukanyoe." Mtoto ndiye atakayenyolewa, lakini mama hasemi ukanyolewe, kwa desturi ya Kiswahili, aendaye kwa kinyozi naye husemwa kuwa ananyoa. Tena -ka- pamoja na irabu -e ya mwisho huonyesha kwenda mahali na kutenda huko. Mtoto hufika, husema, "Shikamoo, babu," huitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha huketi na kutiwa maji kichwani. Wembe ukianza kazi, kichwa hakina ruhusa ya kutikisika. Hadithi ndiyo kamba ya kumfungia.

Kinyozi huweza kuanza hivi: "Palikuwa na mfalme mwenye masikio ya punda. Kinyozi wake akayaona, akaapishwa asiseme. Siri ikamlemea, akaenda kondeni, akachimba shimo, akanong'ona humo, akalifukia." Kisa hiki ni cha kale: Ovid, mshairi wa Kirumi, alikiandika yapata miaka 2000 iliyopita, na mfano wake uko Ireland.

Kitenzi cha kwanza, palikuwa, chataja wakati. Vinavyofuata havitaji wakati tena, bali mfuatano tu. Kwa hiyo kinyozi akifika nyuma ya sikio huweza kunyamaza baada ya akachimba shimo, na akipita mahali pa hatari huendelea na akanong'ona, pasipo kurudia lolote. Lau kila kitenzi kingechukua -li-, msikilizaji angepata orodha ya mambo, asiwe na hakika lipi lilitangulia. Penye moto wa jioni, mtoto husaidiwa na uso na mikono ya msimulizi, naye huitikia, "Hadithi njoo." Hapa hawezi kugeuka wala kutikisa kichwa, humbidi kushika uzi wa kisa kwa viambishi peke yake.

Siku hizi mashine ya umeme hunguruma karibu na sikio, kazi huisha upesi, na aghalabu redio, televisheni au simu ndiyo isemayo. Hasara yake si ya mtoto peke yake. Mikusanyo mashuhuri, kama hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, yatupa visa vilivyounganishwa, bila kuonyesha msimulizi alinyamaza wapi. Atakaye kujua jinsi -ka- inavyoshikilia kisa kilichokatika, na aende wanakosimulia watu ambao mikono yao ina kazi: kwa kinyozi, kwa msusi, kwa mshona nyavu ufukoni, naye aandike vituo vyao pamoja na maneno yao.