Kalemie siku ya mvua: mji uliokaa kwenye mlango wa ziwa

Wandugu, mwenzetu mmoja wa promosheni yetu anayesoma Ulaya alitutumia picha juzi. Yeye na wenzake walikodi lile gari lenye kitanda na jiko ndani, wakaenda Toledo, Uhispania. Mvua ikawashika siku nzima. Walizunguka mji wa kale wakilowana, wakarudi garini kupika chai. Chini ya picha akauliza: "Nikija na wageni mu Kalemie siku ya mvua, mutawaonyesha nini?"

Wengi walijibu kwa kicheko: matope! Ni kweli, matope yako. Lakini mimi naona siku ya mvua njo siku nzuri ya kuelewa Kalemie, kwa sababu mji wetu umetokana na jambo moja: maji ya Tanganyika yanatokea wapi.

Gari lenye kitanda hatuna. Kwetu wanaolala garini ni madereva wa malori, wanaopika chini ya turubai wakingoja barabara ikauke. Siye tulipanda jipu ya mjomba wangu, asubuhi ya mwezi wa pili, vioo vimejaa mvuke. Mjomba akasema, "Mutoto, leo utaona muji ya kweli." Tukaanza Lukuga.

Mito mingi inaingia katika Ziwa Tanganyika, Ruzizi, Malagarasi na mingine, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, na unatokea hapa kwetu. Unaelekea magharibi mpaka Lualaba, yaani mto Kongo. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapa, na wenyeji wakamwambia wazi kwamba maji yanaenda Lualaba. Aliona mkondo unatoka, lakini majani na matete yameuziba. Mwaka 1876 Stanley akafika, akakuta kinamasi, maji hayatoki vizuri. Huko Ulaya wakabishana: Lukuga inatoka au haitoki? Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Mlango ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa lilikuwa linapanda nyuma yake. Karibu na 1878 kizibo kikavunjika. Edward Hore, mmisionari, alipofika mwaka 1879 alikuta mto unakwenda kwa nguvu. Miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kama 10.

Hapo nawaomba musimame kidogo. Mita 10! Sasa angalieni mji wetu wa chini, ule wa kando ya ziwa, bandari na nyumba zilizo karibu na mchanga. Sehemu kubwa ya ardhi ile ya chini ni ardhi ambayo ziwa liliiacha wakati mlango ulipofunguka. Tumejenga kwenye kitanda cha ziwa, bana. Mjomba alinionyesha kwa kidole kupitia kioo: pale tambarare inapoishia na mlima unapoanza. Siku ya jua huioni. Siku ya mvua maji yenyewe yanakuchorea mstari.

Wabelgiji walikuja baadaye. Kapteni Jacques alianzisha ngome mwaka 1891, wakati wa vita na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, akaiita Albertville kwa jina la Prince Albert, aliyekuwa mfalme baadaye. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikafika ziwani, ikifuata bonde la Lukuga. Treni ilipita njia ambayo maji yalikuwa yameshaifungua. Kwa njia ya Kabalo hiyohiyo, mwishoni mwa 1915, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town na kuvutwa juu ya milima ya Mitumba. Tarehe 26 mwezi wa 12 ziliteka meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 mwezi wa 2, 1916, Mimi ikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Nilikuwa nafikiri hadithi hii ni ya sinema tu, kumbe ni ya hapa kwetu.

Turudi kwenye mvua. Ziwa hili linapoteza maji yake mengi kwa jua, yanapanda hewani. Lukuga inatoa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa linajaa polepole na linakawia kushuka. Haliko kama mto ambao kesho umerudi mahali pake. Ilitokea miaka ya 1960, na wazee wanakumbuka. Ikatokea tena 2021, na 2024 ikawa mbaya: Kalemie, Uvira, Bujumbura, nyumba za kando zikaingiliwa na maji, familia zikahama. Kinachonishangaza zaidi ni hiki: miaka michache kabla ya hapo, upande wa Tanzania watu walilalamika kwamba ziwa linashuka mno, na nchi zetu mbili zikazungumza juu ya kujenga kizuizi kwenye Lukuga. Mlango ni mmoja, nchi za ziwa ni nne. Ukiufunga kidogo, Kigoma inafurahi na Kalemie inalala majini. Wenzetu wa jiolojia na wa sheria, kazi ipo hapa. Ni nani anaamua urefu wa kizuizi, na kwa vipimo vya nani?

Mvua haikukatika. Kwenye mchanga, mama mmoja alikuwa anakusanya haraka ndagala aliowaanika. Wakilowa mara mbili wananuka na bei inaanguka. Tulimsaidia kubeba beseni mbili mpaka chini ya bati. Ukuta wa nyumba yake una mstari wa rangi ya udongo, juu kidogo ya goti langu. Nikamwuliza ni wa mwaka gani. "Ule wa 2024," akasema. Kisha akanionyesha mwingine, umefifia, chini yake kidogo: "Na ule ni wa mbele ya huu."

Nimeupiga picha nikamtumia yule wa Toledo. Nimemwambia aje mwezi wa pili, na alete mabuti.