Maji Haba Mferejini: Tazama Tangi Kabla ya Mashine



Kabla ya alfajiri ndipo udhaifu wa maji nyumbani hudhihirika. Watu watano wangoja kutawadha, na mfereji watoa uzi mwembamba. Mzigo humwangukia mama, ambaye hulazimika kujaza ndoo tangu usiku. Kisha hushauriwa inunuliwe mashine ya kusukuma maji, ilhali mara nyingi dawa ni nyepesi kuliko hiyo.

Ndugu zetu wa Dundori, katika nyanda za juu kaskazini mashariki mwa Nakuru, wamejaaliwa ardhi ya miteremko, na mteremko ni nguvu isiyolipiwa. Sisi wa pwani twaijua neema hiyo: maji ya chemchemi za Mzima, huko Tsavo, huteremka kwa uzito wake zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa.

Jambo la kwanza basi ni kimo. Msukumo hutokana na urefu kutoka uso wa maji tangini hadi mferejini, wala si ukubwa wa tangi. Tangi la lita 500 lililo juu hulishinda la lita 5,000 lililo chini. Maji yaliyokuwa mita 2 juu ya mfereji yakiinuliwa hadi mita 4, msukumo huwa maradufu. Mwenye kiwanja cha mteremko na aliweke tangi upande wa juu. Lakini jukwaa liwe imara, kwani lita 1,000 zina uzito wa tani nzima, na watoto hucheza chini yake.

La pili ni upana. Ukibadilisha paipu kuu ya nusu inchi kwa ya robo tatu, nafasi ya kupitia maji huongezeka zaidi ya mara mbili. Paipu isipandishwe na kushushwa njiani, maana hewa hunaswa kwenye kilele na kuzuia maji.

La tatu ni usafi. Hakikisha koki zimefunguliwa kikamilifu. Fungua vichujio vya mifereji na shawa, uviloweke ndani ya siki ili chumvi iyeyuke. Kisha pima: jaza ndoo ya lita 20 kwenye mfereji ulio karibu na tangi, halafu kwenye ule wa mbali. Ikiwa mifereji hiyo iko kimo kimoja na wa mbali ukachelewa sana, kasoro imo katika paipu zilizo baina yake.

Haya yote yakishindikana, mashine yafaa, ila ivute kutoka tangi lako mwenyewe. Kuiunganisha na bomba la mtaa ni kunyonya haki ya jirani, naye huenda ni mjane mwenye mayatima. Isitoshe, mvuto huo huweza kuingiza uchafu kupitia nyufa za bomba, ukamfikia yeye na wewe. Dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana.

Na maji yakishatiririka kwa wingi, tusisahau kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja. Nguvu ya maji ni ya kumpunguzia mama taabu, si ya kutufungulia mlango wa israfu.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na awasitiri majirani zetu. Wabillahi tawfiq.