Jua, Saa na Ramani: Kumfundisha Mwanafunzi Mahali Nchi Yake Ilipo

Kufundisha ramani huhesabiwa kuwa kazi ya mwalimu wa jiografia peke yake. Hata hivyo, mwanafunzi anaposhindwa kueleza kwa nini saa ya Kinshasa hailingani na saa ya Lubumbashi, si lazima kosa liwe katika hesabu. Mara nyingi limo katika maneno: somo amelipokea kwa Kifaransa, saa huzihesabu kwa Kiswahili, na hakuna aliyemwonyesha mahali njia hizo mbili zinapokutana. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi somo hilo linavyoweza kujengwa juu ya Kiswahili chenyewe.

Yafaa kuanza na pande nne za dunia. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yanayohusu kuchomoza na kutua kwa jua. Maana yake huonekana popote. Kaskazini na kusini, kinyume chake, yanahusiana na pepo za Bahari ya Hindi: kaskazi, uvumao kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, na kusi, uvumao kutoka upande wa kusini katikati ya mwaka. Baharia wa pwani huzihisi pepo hizo tangani. Mwanafunzi wa Katanga hazijui. Kwake maneno hayo ni majina matupu, na mwalimu hana budi kumpa ishara nyingine.

Ishara hiyo ni kivuli. Kijiti kikisimikwa wima uani, kivuli chake hufupika hadi adhuhuri, kisha hurefuka tena. Kivuli kifupi kuliko vyote hulala juu ya mstari uendao kaskazini na kusini. Mjini Lubumbashi, karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, kivuli hicho huelekea kusini mwezi wa Juni, kwa kuwa jua liko upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Kanuni ya shule za Ulaya husema kwamba adhuhuri jua liko kusini. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyeikariri bila kutazama kivuli ataishika ramani yake juu chini mwezi wa Juni.

Kivuli hichohicho hufungua mlango wa saa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii 1 kwa dakika 4. Kinshasa iko karibu digrii 15 mashariki ya Greenwich, na Lubumbashi karibu digrii 27 na nusu. Kwa hiyo adhuhuri hufika Lubumbashi takriban dakika 50 kabla ya kufika Kinshasa. Kwa kuwa haiwezekani kila mji uwe na saa yake, nchi imegawanywa katika kanda mbili: Kinshasa, Matadi na Mbandaka hutangulia saa ya Greenwich kwa saa 1, Kananga, Kisangani, Lubumbashi, Bukavu na Goma kwa saa 2.

Hapa mwanafunzi atenganishe maumbile na mapatano. Ikweta imewekwa na mzunguko wa dunia. Mstari wa Greenwich ulichaguliwa na wajumbe wa mataifa waliokutana Washington mwaka 1884. Ufaransa haikuuunga mkono uamuzi huo, na iliendelea kufuata saa ya Paris hadi mwaka 1911. Mfano ulio karibu zaidi uko Ziwa Tanganyika. Kati ya Kalemie na Kigoma, tofauti ya jua haifiki dakika 2. Lakini saa za ukutani hutofautiana kwa saa nzima, kwa kuwa Tanzania hufuata kanda nyingine. Msafiri asiyejua hayo anaweza kufika bandarini akiwa amekwisha kuachwa na meli.

Linabaki suala la lugha. Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu magharibi. Kifaransa tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa 6, nayo haihusiani na umbali wa miji. Kosa la kawaida ni kuzichanganya tofauti hizo mbili katika hesabu moja. Njia salama ni kuhama mahali kwanza, ndipo kuhama lugha. Taarifa ya habari isomwayo Kinshasa saa 20 za Kifaransa husikika Lubumbashi saa 21. Kwa Kiswahili, saa mbili usiku kule, saa tatu usiku huku. Tarehe nayo itajwe wazi: saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hesabu ya Kifaransa, ni Jumatatu tayari. Asemaye "Jumapili usiku" bila kufafanua huweza kumkosesha mwenzake safari.

Kutokana na hayo, utaratibu wa somo ni huu: kivuli kwanza, ramani baadaye, kanda za saa halafu, na mwisho tafsiri ya saa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa jiografia wakiufuata pamoja, mwanafunzi hatakariri tena majina ya miji kama sala asiyoielewa. Ataweza kusimama uani, kunyosha mkono na kusema Kinshasa iko upande gani, na huko ni saa ngapi.