Goti Jipya Halinywi Supu

Ukishaingia chuo kikuu, nyumbani wanakuhesabu unajua kila kitu. Mimi nasoma ualimu, lakini bibi yangu alipobadilishiwa goti mwaka jana nikiwa likizo, swali la "sasa ale nini?" likaletwa kwangu. Upasuaji wa kubadilisha nyonga na magoti unafanyika hapahapa nchini, kwa mfano pale MOI, kwa hiyo hata wewe unaweza kukabidhiwa kazi hiyo likizo ijayo. Haya ndiyo niliyojifunza kwa manesi na kwa kusoma.

Goti jipya ni chuma na plastiki maalumu. Lenyewe halili. Kinachohitaji chakula ni kidonda kilichoshonwa, damu iliyopotea, na misuli ya paja itakayomsimamisha mgonjwa. Mzee akilala muda mrefu huku anakula kidogo, misuli inapungua haraka, na mazoezi yanakuwa mateso. Wageni walimletea bibi supu ya mifupa, chupa kwa chupa. Supu inaongeza maji na hamu ya kula, lakini mchuzi mtupu una kalsiamu kidogo, tofauti na tunavyoamini. Usiishie kwenye mchuzi, mpe na nyama.

Mzee anayepona anashauriwa kupata gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Bibi ana kilo 60, kwa hiyo ni gramu 72 hadi 90. Usiogope hesabu. Asubuhi mayai 2 na kikombe cha maziwa ni kama gramu 20. Mchana kikombe cha maharage yaliyopikwa na kikombe cha mtindi ni kama 23. Jioni kipande cha samaki cha gramu 100 ni kama 20. Hapo umeshapita 60 kabla ya kuhesabu ugali, wali na dagaa wa kuongezea. Kama hana hamu, mpe kidogo kidogo mara 5 au 6, na uji uupike kwa maziwa. Pera au chungwa baada ya chakula linampa vitamini C, ambayo kidonda kinaihitaji, na linasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai ya rangi isogezwe mbele walau saa moja, maana inazuia ufyonzaji huo.

Sasa maji. Bibi alikuwa anakataa kunywa, na mwanzoni tulidhani ni ukaidi tu wa uzee. Kumbe alikuwa anakwepa choo! Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, na goti lile halikunjiki. Wakati huohuo dawa kali za maumivu, kama tramadol, zinafunga choo, na ukikosa maji ndiyo inakuwa balaa. Mjomba alitoboa kiti cha plastiki, tukakiweka juu ya tundu. Siku hiyohiyo bibi aliomba maji mwenyewe. Papai, mboga za majani na dona vikamalizia kazi. Kwa hiyo ukiona mgonjwa hanywi, kabla ya kumgombeza, nenda ukaangalie choo.

Mwisho ni dawa. Wengi hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kama ni warfarin, mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu yake. Haina maana aache mboga. Ale kiasi kilekile kila siku, asiruke leo na kufidia kesho. Pombe aiweke kando, na dawa za mitishamba asinywe bila daktari kujua. Mwenye kisukari aepuke soda na glukosi za wageni, kwa sababu sukari ikipanda kidonda kinachelewa kupona na ni rahisi kupata maambukizi. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo ana kipimo chake cha protini na maji, hizi hesabu zangu zisimhusu.

Siku ya kuruhusiwa hospitali, kabla hamjapanda gari, uliza maswali matatu: dawa hizi zinagombana na chakula gani? Anywe maji kiasi gani? Na choo cha nyumbani atakitumiaje?